Uchambuzi wa kisa: Familia ya Roche kutoka Cork na nasaba iliyodaiwa kuanzia Hastings

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kinahusu familia moja yenye jina la ukoo la Roche, iliyotaka kuthibitisha kwamba inatokana na askari wa farasi wa Kinormani aliyeingia Ayalandi katika karne ya 12. Jina la Roche limebakishwa kwa sababu linabebwa na watu wengi mno katika Ayalandi, Uingereza na Marekani, kiasi kwamba halimtambulishi yeyote, na kwa sababu bila jina hilo hakuna la maana linaloweza kuelezwa kuhusu nyaraka za enzi za kati. Majina ya wanafamilia, kitongoji walikotoka, parokia yao na mtafiti waliyemwajiri yameondolewa.

Usuli

Familia hii ina matawi mawili. Moja bado liko kaskazini mwa Kaunti ya Cork, ndani ya tarafa ya kale ya Fermoy, na jingine lilihamia Uingereza katikati ya karne ya 20. Tawi la Uingereza ndilo lililokuwa likimiliki shajara ya ukoo, yaani mchoro wa mti wa nasaba, iliyochorwa kwa mkono mwanzoni mwa karne hiyo na mtu aliyekuwa akiuza kazi za namna hiyo kwa familia zilizotaka asili ya kujivunia. Juu kabisa ya shajara alikaa askari aliyedaiwa kupigana katika vita vya Hastings mwaka 1066 chini ya William, mtawala wa Normandi aliyeiteka Uingereza. Chini yake vilifuata vizazi vitatu vya majina ya kwanza matupu, bila mahali wala mwaka, kisha mtu aliyesemekana kushuka pwani ya Waterford mwaka 1170 pamoja na Richard de Clare, maarufu kama Strongbow. Hapo ndipo shajara iliponona: mabwana wa Fermoy walipangwa mmoja baada ya mwingine hadi karne ya 17, wengi wao wakiwa watu wanaojulikana vizuri katika historia. Kutoka kwa bwana wa mwisho ulishuka mstari wa nukta nukta, usio na jina hata moja, hadi kwa mkulima wa karne ya 19 ambaye familia ilimtambua kuwa babu yake. Pembeni palichorwa ngao nyekundu yenye samaki watatu weupe.

Familia ilikuwa ikijiandaa kuchapisha kitabu kwa ajili ya mkutano wa ukoo, na ombi lake kwa mtafiti lilikuwa fupi: aithibitishe shajara na kujaza majina kwenye nukta. Mzee mmoja wa tawi la Uingereza aliongeza dai la pili, kwamba wao ni jamaa wa Diana, aliyekuwa mke wa Mfalme Charles, kwa kuwa mama yake Diana alizaliwa katika familia ya Roche yenye cheo cha Baron Fermoy.

Ili kuuelewa uzito wa ombi hilo, ni lazima kukumbuka jinsi watu hawa walivyoingia Ayalandi. Mwaka 1166 Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster, alifukuzwa katika nchi yake na wafalme wenzake wa Kiayalandi. Akavuka bahari, akamfuata Henry II wa Uingereza hadi kusini mwa Ufaransa, akapewa ruhusa ya kukusanya wapiganaji miongoni mwa raia wa mfalme huyo. Wengi aliowapata walikuwa wakiishi kusini mwa Welisi, katika eneo la Pembroke na pwani yake, ambako kabla ya hapo walikuwa wamekaa vizazi viwili au vitatu wakigombania ardhi na Wawelisi. Robert FitzStephen alishuka ghuba ya Bannow, Wexford, mwezi Mei 1169. Strongbow alifika mwezi Agosti 1170, akaiteka Waterford na kumwoa Aoife, binti wa Diarmait. Na Oktoba 1171 Henry II mwenyewe alikuja na jeshi kubwa, kwa sababu hakupenda kuona watu wake wakijijengea ufalme upande wa pili wa bahari. Mwaka 1177 aliugawa ufalme wa Cork kwa Robert FitzStephen na Miles de Cogan, ingawa sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa bado mikononi mwa Waayalandi, na waliogawiwa walipaswa kwenda kuitwaa wenyewe.

Watu hawa tumezoea kuwaita Wanormani, nami nitalitumia neno hilo, lakini ndani yake walikuwamo wazao wa Wanormani halisi, watu wenye mama wa Kiwelisi, Waingereza, na Waflandria, yaani watu wa Flandria, katika Ubelgiji ya leo. Kisa chote kinategemea kuikumbuka orodha hiyo.

Yaliyotokea kwa mfuatano

Uamuzi wa kwanza wa mtafiti ulikuwa kuiweka shajara kando kabisa. Hakuikataa, alisema tu kwamba haitatumika kama ushahidi wala kama ramani ya kazi mpaka kila sehemu yake iwe imepatikana upya katika nyaraka zisizoitegemea. Sababu yake ilikuwa ya kimatendo. Anayeshika shajara mkononi huona jina linalofanana na lililomo humo, akalichukua, wala asiulize kama katika kijiji kile palikuwa na watu wengine watano wenye jina hilo hilo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuifanya kazi kutoka pande mbili bila kuruhusu upande mmoja uuazime mwingine. Upande mmoja ulianza na walio hai na kurudi nyuma. Mwingine ulianza karne ya 12 na kuja mbele, ukiuliza ni nani aliyeshika ardhi ya Fermoy, lini, na kwa haki gani.

Kurudi nyuma kutoka kwa walio hai

Hatua za mwanzo zilikuwa rahisi. Sensa za 1901 na 1911 zimehifadhiwa kikamilifu, na usajili wa kiserikali wa vizazi, ndoa na vifo vya watu wote ulianza mwaka 1864. Sensa za kabla ya hapo karibu zote zimepotea: za 1861 hadi 1891 ziliharibiwa kwa amri za serikali, na nyingi za 1821 hadi 1851 ziliteketea tarehe 30 Juni 1922, pale Ofisi ya Kumbukumbu za Umma iliyokuwa katika majengo ya Four Courts, Dublin, ilipolipuka na kuungua katika siku za mwanzo za vita vya wenyewe kwa wenyewe. Kwa hiyo anayetafuta mkulima wa Kiayalandi wa kabla ya 1864 hutegemea madaftari ya ubatizo na ndoa ya parokia za Kikatoliki, pamoja na orodha mbili za kodi: daftari za zaka za kati ya 1823 na 1837, na tathmini ya ardhi na nyumba iliyosimamiwa na Richard Griffith, ambayo ilichapishwa kati ya 1847 na 1864.

Katika tathmini ya Griffith ndipo kazi ilipokwama. Katika kitongoji cha familia walikuwamo wapangaji wawili wenye jina moja, John Roche na John Roche, wenye mashamba yaliyopakana na mwenye ardhi mmoja. Baada ya jina la mmoja wao palikuwa na mabano yenye jina jingine fupi, tuseme Ned. Wathamini walizoea kuandika hivyo pale majina yalipogongana, na mara nyingi jina la ndani ya mabano ni la baba. Daftari la parokia halikusaidia kuwatenganisha, kwa sababu wote wawili walibatiza watoto katika miaka ile ile, na kwa kuwa ilikuwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la babu mzaa baba, majina ya watoto nayo yalijirudia.

Jibu lilitoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa amefikiria kuuliza. Mzee wa tawi la Cork, alipotembelewa kwa ajili ya jambo jingine kabisa, alitaja kwamba hapo zamani watu wa familia yake waliitwa “wa Ned” ili wasichanganywe na akina Roche wa ng'ambo ya barabara. Hakujua Ned ni nani. Aliyasikia kwa bibi yake. Lakini jina hilo lililokaa katika vinywa vya watu vizazi vinne lilikubaliana na mabano ya mthamini, na kutoka hapo mtafiti aliweza kumfikia Edward Roche, mkulima mpangaji aliyetajwa katika daftari la zaka na kama baba katika ubatizo wa mwanzoni mwa karne ya 19. Nyuma yake daftari la parokia lilikuwa halijaanza.

Kuja mbele kutoka 1167

Upande wa pili ulileta mshangao mapema. Mtu wa kwanza wa ukoo huu kuonekana Ayalandi hakuja na Strongbow mwaka 1170, wala na FitzStephen mwaka 1169. Utenzi wa Kifaransa cha kale unaosimulia habari za Diarmait na Strongbow, ambao nakala yake pekee imehifadhiwa katika maktaba ya Lambeth Palace, London, unasema kwamba Diarmait aliporudi nyumbani mwaka 1167 aliongozana na Richard fitz Godebert, askari wa farasi kutoka Pembroke, pamoja na kikosi kidogo. Utenzi haumsifu sana. Unasema walikuwa wachache, wasiweze kumfaa mfalme sana katika nchi ile, na hawakukaa muda mrefu. Baadaye utenzi huo huo, unapoorodhesha ardhi zilizogawiwa Leinster, unamtaja Robert fitz Godebert kuwa ndiye aliyekuja kuishika Fernegenal, karibu na mdomo wa mto Slaney, nchi ambayo mwanzoni alikuwa amepewa Maurice de Prendergast.

Richard na Robert wanatambuliwa na wanahistoria kuwa wana wa Godebert, Mflandria aliyekaa Rhos, upande wa magharibi wa Pembroke. Henry I wa Uingereza aliwahamishia Waflandria wengi katika Rhos mwanzoni mwa karne ya 12, akiwatumia kama ukuta kati yake na Wawelisi. Makao ya wazao wa Godebert yalikuwa Roch, ambako ngome yao bado imesimama juu ya jabali lililochomoza peke yake katika nchi tambarare, na kutokana na jabali hilo waliandikwa katika Kilatini de Rupe na katika Kifaransa de la Roche. Adam de Rupe wa familia hiyo ndiye aliyeanzisha nyumba ya watawa ya Pill, si mbali na hapo.

Kwa hiyo vile vizazi vitatu vya majina matupu kati ya Hastings na Waterford vilianguka. Jina lilitoka kwenye jabali la Welisi, na walioanza kulibeba walikuwa Waflandria waliofika huko miaka arobaini hivi baada ya vita vya Hastings. Mchoraji wa shajara alihitaji askari wa William, akamweka.

Mtego wa pili uligunduliwa katika kumbukumbu za mahakama. Sehemu kubwa ya hati za mahakama za mwisho wa karne ya 13 iliungua mwaka 1922, lakini muhtasari wa nyingi ulikuwa umeshaandikwa au kuchapishwa. Kesi zilizosikilizwa mbele ya mwakilishi wa mfalme kuanzia 1295 hadi 1314, kwa mfano, zinasomeka leo katika vitabu. Mtafiti alipozipitia aliona kwamba mtu mmoja aliyepewa nafasi ya heshima katika shajara, kama bwana wa Fermoy wa wakati huo, ameandikwa katika Kilatini de Rupeforti. Huyo si Roche bali Rochfort, ukoo mwingine kabisa, na aliyeinakili orodha hiyo aliacha nusu ya pili ya jina. Makosa ya namna hii hayaonekani kwa anayesoma faharasa tu. Mtafiti aliyaona kwa sababu alijiwekea sharti la kuandika kila jina kama lilivyo katika hati kabla ya kulipa umbo la kisasa.

Suala la Fermoy lenyewe lilihitaji subira zaidi. Shajara ilidai kwamba babu aliipata kwa upanga mara tu alipofika. Nyaraka na majengo vinaeleza jambo jingine. Ngome ya Glanworth, mojawapo ya ngome muhimu za eneo hilo, ilikuwa kwanza ya akina Caunteton, ambao leo wanajulikana kwa jina la Condon, ndipo ikawa ya akina Roche. Nyumba ya watawa wa Augustino ya Bridgetown, kando ya mto Blackwater, ilianzishwa mwanzoni mwa karne ya 13 na Alexander fitz Hugh, ambaye vitabu vya baadaye vinamwongezea jina la Roche mwishoni, ingawa katika zama zake mtu wa hadhi yake aliweza kutambulishwa kwa jina la baba tu. Ukoo huu, kwa hiyo, ulijijenga Fermoy polepole katika karne ya 13, juu ya misingi iliyowekwa na wengine, na kuanzia hapo nchi hiyo ikaitwa ya akina Roche, makao yao makuu yakiwa Castletownroche.

Kinachofuata ndicho, kwa maoni yangu, sehemu yenye utajiri kuliko zote, nayo shajara iliiruka. Edward Bruce, ndugu wa mfalme wa Uskoti, alivamia Ayalandi kati ya 1315 na 1318, tauni kubwa ikafuata mwaka 1348, na mkono wa serikali ya Dublin ukafupika. Mabwana wa Kinormani walioishi mbali na Dublin walianza kuoana na Waayalandi, kulelesha watoto wao katika nyumba za Kiayalandi, kuzungumza Kiayalandi na kufuata sheria za Kiayalandi. Amri za Kilkenny za mwaka 1366 ziliyapiga marufuku hayo yote, jambo ambalo lenyewe ni ushahidi wa jinsi yalivyokuwa yameenea. Akina Roche wa Fermoy walifika mbali zaidi ya wengi: muswada wa Kiayalandi unaojulikana kama Kitabu cha Fermoy, ambao sasa uko katika Chuo cha Kifalme cha Kiayalandi, Dublin, una mashairi yaliyotungwa kwa heshima yao na washairi wa Kiayalandi wa karne ya 15. Wazao wa Godebert Mflandria walisifiwa kwa mashairi ya mtindo ule ule uliotumika kuwasifu wafalme wa Kigaeli, yaani Waayalandi wa asili.

Pengo

Pande mbili za kazi zilisogeleana hadi zikaacha pengo la miaka mia moja na hamsini hivi, kutoka miaka ya 1650 hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Sababu zake zinajulikana. Baada ya uasi wa 1641 na vita vya Cromwell, kamanda wa jeshi la Bunge la Uingereza aliyeshuka Dublin Agosti 1649, mabwana Wakatoliki wa Cork walinyang'anywa ardhi, akiwamo Lord Roche, bwana wa Fermoy. Vitabu vya upimaji na ugawaji vya wakati huo vinamwonyesha mmiliki wa 1641 upande mmoja wa ukurasa na mmiliki mpya upande wa pili, lakini havimwonyeshi mpangaji aliyebaki akilima shamba lile lile chini ya wote wawili. Kisha zikaja sheria dhidi ya Wakatoliki. Sheria ya 1704 ilimkataza Mkatoliki kununua ardhi na kumruhusu kupanga kwa muda usiozidi miaka 31, hali iliyoendelea hadi ilipolegezwa mwaka 1778. Ofisi ya kusajili hati za ardhi ilifunguliwa Dublin mwaka 1708, lakini mikataba midogo ya wapangaji Wakatoliki ilisajiliwa kwa nadra.

Hapo familia ilimbana mtafiti achague. Katika orodha za msamaha zilizotolewa wakati wa Elizabeth I, wafuasi wengi wa Lord Roche wametajwa kwa jina na mahali, nao walikuwamo akina Roche waliokaa jirani na kitongoji chao. Kwa nini mmoja wao asiwe babu? Mtafiti alikataa. Alieleza kwamba orodha hizo zinathibitisha kuwapo kwa watu wenye jina hilo katika eneo hilo miaka 200 na zaidi kabla ya Edward, na hilo lina thamani, lakini hazimchagui yeyote kati yao kuwa baba wa babu wa babu yake.

Kipimo cha vinasaba

Wakati mjadala huo ukiendelea, tawi la Uingereza lililipia kipimo cha kromosomu Y, ambayo hupita kwa baba kwenda kwa mwana, kwa mwanamume mmoja wa kila tawi. Wawili hao walilingana kwa karibu, kama nyaraka zilivyotabiri. Walipolinganishwa na akina Roche waliotoka Wexford hawakulingana, na familia ikaingia katika mabishano makali, baadhi wakidai kwamba sasa imethibitika wao si Roche.

Matokeo

Ripoti ya mwisho iligawa madai yote katika makundi matatu. Kundi la kwanza, lililothibitishwa, lilikuwa ukoo wa kuumeni kutoka kwa walio hai hadi kwa Edward. Kundi la pili, lenye ushahidi wa kutosha kwa ukoo kwa jumla lakini si kwa familia hii, lilikuwa historia ya akina Roche kutoka Rhos hadi Leinster na hatimaye Fermoy. La tatu lilikuwa yaliyokataliwa: askari wa Hastings, vizazi vitatu vilivyomfuata, bwana wa ukoo wa Rochfort, na kushuka kwa familia hii kutoka kwa mabwana wa Fermoy.

Dai la Diana lilishughulikiwa kwa aya moja. Cheo cha Baron Fermoy kilitolewa mwaka 1856 kwa Edmund Burke Roche, wa familia ya Trabolgan katika Cork. Si mwendelezo wa cheo cha kale cha Viscount Fermoy, na hakuna hati iliyomuunganisha Edward wa kitongoji na Trabolgan. Ngao ya samaki nayo haikutumika kama ushahidi, kwa kuwa ngao ni mali ya mtu aliyepewa na wazao wake, wala jina peke yake halimpi mtu haki ya kuitumia.

Familia ilichapisha kitabu. Shajara ya zamani ilitiwa humo kama hati ya kihistoria ya mwanzoni mwa karne ya 20, ikiwa na maelezo pembeni. Mzee aliyelishikilia dai la Diana alikataa jina lake litajwe miongoni mwa waliosaidia, na hadi faili linafungwa alikuwa hajabadili msimamo.

Uchambuzi

Uamuzi uliozaa matunda zaidi ni ule wa kufanya kazi pande mbili bila kuzichanganya. Kama mtafiti angeanza na mabwana wa Fermoy na kushuka, angepata nyaraka nyingi mno, kwa sababu wenye ardhi huacha karatasi: hati, kesi, wosia, vyeo. Angefika miaka ya 1650 akiwa na orodha kamili na hamu ya kuivusha, naye angemwona Edward kila mahali. Alipomfikia Edward kwanza, akamkuta mpangaji, aliweza kuuliza swali la haki, yaani mpangaji wa hali hii angeonekana katika hati gani, na si katika hati zipi tungependa aonekane.

Kuchagua kitongoji badala ya jina kuwa kipimo cha utafutaji nako kulisaidia. Ayalandi ina vitongoji zaidi ya 60,000, na mipaka ya vingi ni ya zamani kuliko madaftari yanayovitaja. Katika nchi yenye akina John Roche wengi, mpaka wa shamba hutenganisha watu vizuri kuliko jina.

Kwa upande wa yaliyoshindikana, kubwa ni swali lenyewe lililoikaribisha kazi. Kumpa mtafiti shajara na kumwomba aithibitishe ni kumwajiri kwa jibu. Mtafiti alilirekebisha swali kichwani mwake, lakini hakulirekebisha kwa maandishi pamoja na familia mwanzoni, na kwa hiyo kila alichokikataa baadaye kilionekana kwa tawi la Uingereza kama kuvunja ahadi. Makubaliano ya awali ya kurasa mbili, yanayosema ni matokeo gani yanawezekana na ni yapi hayawezekani kwa familia ya wapangaji, yangeondoa sehemu kubwa ya uchungu uliofuata.

Kipimo cha vinasaba kilitumika vibaya zaidi ya nyenzo nyingine yoyote. Kati ya 1167 na leo kuna vizazi kama 26 au zaidi, na inatosha kimoja tu kati yake kiwe na mtoto wa kulea, mtoto aliyechukua jina la mama, au mfuasi aliyejiunga na ukoo wa bwana, ili kromosomu Y ya leo isilingane na ya akina Roche wa Wexford. Isitoshe, akina Roche wa Wexford nao hawana hati ya kuwa kipimo cha wengine. Huenda kutolingana kumetokana na upande wao. Wala kipimo kisingeweza kusema “Mnormani” au “Mflandria”, kwa kuwa R1b, kundi kubwa la kromosomu Y, limeenea kote Ulaya ya magharibi, katika Ayalandi, Welisi na Flandria kwa pamoja. Kipimo kilikuwa na kazi moja kiliyoiweza, nayo ni kuthibitisha udugu wa matawi mawili. Kilipaswa kuagizwa kwa swali hilo, na matokeo yake yafafanuliwe kabla ya kusambazwa kwa simu.

Kuhusu masimulizi ya wazee, ilikuwa bahati kwamba jina la Ned lilitajwa. Mazungumzo na tawi la Cork yaliachwa hadi mwisho kwa dhana kwamba wenye karatasi ndio wenye habari, hali waliobaki kijijini ndio waliohitaji kutofautishwa na majirani zao kila siku, na kwa hiyo ndio waliohifadhi majina ya kutofautisha. Bibi wa mzee yule alikuwa amefariki miaka mingi kabla. Kama mzee naye angekwisha kufariki, mabano ya Griffith yangebaki bila maana.

Kuna jambo moja ambalo ripoti ililieleza kwa haraka kuliko lilivyostahili. Familia ilisikitika kuambiwa kwamba mababu wa jina lake walikuwa Waflandria, kana kwamba wamepunguziwa kitu. Lakini habari za wahamiaji wa Rhos waliowekwa mpakani na mfalme, wakavuka bahari wakiwa kikosi kidogo kisichofaa kitu, wakashika ardhi kando ya Slaney na baada ya karne mbili na nusu wakawa wakiwalipa washairi wa Kigaeli, zina ushahidi katika kila hatua. Sura hiyo ya kitabu ingeweza kuwa ndefu mara tatu, na ile ya mabwana wa Fermoy ifupishwe.

Pengo la kabla ya Edward halijafungwa kabisa. Kwa kuwa upangaji wa Wakatoliki ulikomea miaka 31, shamba lililokaa katika familia moja tangu miaka ya 1650 lingehitaji mikataba mipya mara kadhaa kabla ya 1778, na kila mkataba ungemtaja mpangaji, mara nyingine pamoja na mwanawe. Mikataba hiyo, ikiwa ipo, haitakuwa katika nyaraka za Lord Roche, aliyekwisha kuondoka, bali katika karatasi za familia za Kiprotestanti zilizomrithi, pamoja na daftari zao za kodi ya mashamba. Mtafiti aliorodhesha wamiliki wa kitongoji hicho tangu Cromwell hadi Griffith na kuikabidhi orodha kwa tawi la Cork, ambalo ndilo linaloendelea na kazi.